Somo la Ubongo Lisipofanya Kazi Darasani: Dalili, Vyanzo na Marekebisho

Mwalimu anapowaeleza wanafunzi wake kwamba akili hukua kwa kutumiwa, kisha muhula ukaisha bila badiliko lolote darasani, huona mbele yake majibu mawili mepesi: ama nadharia yenyewe ni porojo, ama wanafunzi wake hawafundishiki. Makala haya yanamwomba afanye kama fundi wa pikipiki iliyokataa kuwaka, ambaye hukagua mafuta na plagi kabla ya kuifungua injini. Dalili zinazoelezwa hapa ni zile zinazojirudia zaidi katika shule za msingi na sekondari za Tanzania, na nyingi hazitakuwa ngeni kwa mwalimu wa Kenya. Kila moja inafuatwa na vyanzo vinavyowezekana, namna ya kuvitofautisha, na marekebisho yanayowezekana kwa chaki na ubao uliopo.

Mtazamo wa ukuaji ni jina lililoenezwa na mwanasaikolojia Carol Dweck wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Maana yake ni kuamini kwamba uwezo wa akili unaweza kuendelezwa kwa juhudi, kwa mbinu sahihi na kwa msaada wa wengine. Kinyume chake Kiswahili cha mitaani tayari kina jina lake, nalo ni mawazo mgando. Msomaji aone kwamba ndani ya maana hiyo mna vitu vitatu, ilhali vinapofika shuleni kwetu viwili vya mwisho huwa vimedondoka njiani, ikabaki juhudi peke yake. Matatizo mengi yanayofuata yanaanzia hapo.

Ukaguzi wa kwanza: mwili

Mwanafunzi anayesinzia kila siku kipindi cha saba huenda hana tatizo lolote la mtazamo. Ubongo ni takriban asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati ya mwili uliopumzika, na mtoto aliyetembea alfajiri hadi shuleni bila kunywa hata uji hawezi kuushibisha kwa nasaha. Anayenakili 6 badala ya 8 kutoka ubaoni ahamishiwe dawati la mbele kwa wiki moja. Akibadilika, mzazi aelezwe ampeleke kupimwa macho. Anayejibu swali tofauti na aliloulizwa huenda hasikii vizuri. Haya yakaguliwe kwanza kwa sababu ni rahisi kuyagundua, na kwa sababu kumhubiria kuhusu juhudi mtoto asiyeona ubao ni kumwonea.

Dalili: "Mwalimu, kichwa changu hakishiki hesabu"

Mwanafunzi anayesema hivi anaichukulia akili kama urefu wa mtu, kipimo ambacho kila mmoja alishakabidhiwa na hakuna wa kukiongeza. Darasani atatokea mwenzake wa kumuunga mkono kwa methali kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake, ingawa nywele, mtu akizifikiria vizuri, ni mfano dhaifu kwa anayetaka kuthibitisha kwamba kitu fulani hakikui.

Marekebisho yasianze na hotuba. Waambie wanafunzi waandike majina yao kwa mkono wasiouzoea, mistari mitano kila siku kabla ya kipindi kuanza, pamoja na tarehe, kwa wiki mbili, kisha walinganishe mstari wa kwanza na wa mwisho. Mkono ni uleule na misuli ni ileile. Kilichobadilika zaidi ni namna ubongo unavyouongoza. Hapo ndipo maelezo yanapopata pa kushika: ubongo wa binadamu una seli za neva zipatazo bilioni 86, kila moja ikiunganika na nyingine nyingi mno kwa viungo viitwavyo sinapsi, seli zinapotumika pamoja mara kwa mara viungo hivyo huimarika, na nyuzi zinazopitisha ujumbe mara nyingi huweza kuzungushiwa zaidi utando wa mafuta uitwao mielini, ambao huharakisha ujumbe huo.

Mfano utakaowakaa wanafunzi ni wa madereva wa teksi za London, ambao kabla ya kupewa leseni hutakiwa kujua kwa kichwa mitaa ipatayo 25,000. Mwaka 2000 Eleanor Maguire na wenzake walionyesha kwamba sehemu ya nyuma ya hipokampasi, eneo la ubongo linalohusika na kumbukumbu na ramani za mahali, ilikuwa kubwa zaidi kwa madereva hao kuliko kwa watu wengine. Mwanafunzi mwerevu atauliza: je, si kwamba wenye hipokampasi kubwa ndio waliovutwa na kazi hiyo? Swali hilo ni zuri, na lilijibiwa mwaka 2011, Maguire na Katherine Woollett walipowapima watu 79 kabla ya mafunzo na miaka kadhaa baadaye. Kati yao 39 walifaulu, na ni kwa hao waliofaulu tu eneo hilo lilikuwa limekua. Wote walikuwa watu wazima, jambo linalofaa kutajwa kwa mwalimu anayependa kumwambia mwanafunzi wa kidato cha tatu kwamba samaki hukunjwa angali mbichi.

Hata hivyo, mfano huu usivutwe kupita kiasi. Walimu wengi husema ubongo ni kama msuli, na mwanafunzi akaelewa kwamba akifanya kazi ngumu yoyote atakuwa na akili zaidi katika kila jambo. Sivyo. Madereva waliofaulu hawakuwa bora katika kila aina ya kumbukumbu. Kilichoimarika ni kile walichokifanyia mazoezi. Tena katika utafiti wa mwaka 2004 uliohusu watu waliojifunza kurusha na kudaka mipira mitatu kwa zamu, mabadiliko yaliyoonekana katika ubongo baada ya miezi mitatu yalipungua walipoacha mazoezi. Nusu hiyo ya habari haisimuliwi sana, ilhali ndiyo inayoeleza kwa nini mada iliyoeleweka vizuri mwezi wa tano huwa imeyeyuka likizo ikiisha. Na ile hadithi kwamba binadamu hutumia asilimia 10 tu ya ubongo wake iachwe kabisa, maana si kweli, na mwanafunzi akiigundua ataanza kuyashuku na mengine.

Upande wa lugha, mwalimu wa Kiswahili ana bahati ambayo wenzake wa Kiingereza hawana. Wao huwafundisha wanafunzi waongeze neno zima, "yet", mwishoni mwa sentensi ili kuonyesha kwamba jambo halijawezekana kwa sasa lakini mlango uko wazi. Sisi tunayo silabi moja, "-ja-". "Sielewi" na "siwezi" hufunga habari. "Sijaelewa" na "sijaweza" huiacha wazi, na kila mtoto huzitumia kauli hizo bila kufundishwa. Mwalimu anaweza kuweka desturi kwamba darasani mwake "siwezi" hujibiwa na darasa zima kwa "hujaweza". Ila desturi hiyo itageuka wimbo mtupu ndani ya wiki tatu kama haifuatwi na swali, "Umefika hatua gani, na umekwama wapi?", kwa kuwa silabi inafungua mlango lakini haimwonyeshi mtu pa kukanyaga.

Dalili: somo lilipendwa, makofi yakapigwa, na hakuna kilichobadilika

Kwanza matarajio yapimwe. Mwaka 2019 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa David Yeager na wenzake uliowahusisha wanafunzi wapatao 12,000 wa shule za serikali za Marekani, waliopewa somo fupi la kompyuta, lisilofika saa moja kwa jumla, kuhusu jinsi akili inavyoweza kuendelezwa. Wastani wa alama za wale waliokuwa nyuma kimasomo ulipanda kwa takriban 0.1 katika kipimo cha 0 hadi 4.3. Ni kidogo, ingawa kwa somo la saa moja si haba. Nchini Uingereza mwaka huohuo, tathmini ya mpango mwingine uliofanyika katika shule 101 za msingi haikuona maendeleo yoyote yaliyozidi ya shule za ulinganisho. Kwa hiyo mwalimu aliyeahidiwa miujiza kwenye semina ya siku moja alidanganywa, na anayeona badiliko dogo asidhani ameshindwa.

Kinachofaa kuchunguzwa ni kwa nini somo hilohilo lilishika kwingine na likateleza kwingine. Watafiti wa Marekani waliona kwamba lilizaa zaidi katika shule ambazo wanafunzi wenyewe hawamcheki anayechagua kazi ngumu, na katika uchambuzi uliofuata mwaka 2022 waliona kwamba, kwa somo la hisabati, lilizaa pale ambapo mwalimu naye aliamini kwamba uwezo hukua. Mbegu ilikuwa moja. Udongo ndio uliotofautiana.

Udongo wetu ukoje? Jumanne mwalimu amefundisha kwamba kila mtu anaweza kukua, na Ijumaa matokeo yamebandikwa kwenye ubao wa matangazo kuanzia wa kwanza hadi wa 94, majina kamili. Mkondo A umejazwa walioongoza na kila mtu anajua mkondo D ni wa nani. Mwanafunzi wa mwisho amesimamishwa mstarini. Katika ofisi ya walimu maneno "kipanga" na "kilaza" hutumika kama majina ya makabila mawili ambayo mtu huzaliwa nayo, na watoto wanaotumwa kuleta chaki huyasikia. Mwanafunzi hapimi anachoambiwa kipindi kimoja. Hupima anachokiona siku zote, na anachokiona ni kwamba shule imeshaamua.

Mwalimu wa somo hana mamlaka ya kufuta mikondo wala kuondoa orodha ya mwalimu wa taaluma, lakini ana mamlaka ndani ya vipindi vyake. Anaweza kurudisha karatasi za mtihani zikiwa zimekunjwa badala ya kusoma alama kwa sauti. Anaweza kumwandikia kila mwanafunzi alama ya jaribio lililopita kando ya alama mpya, ili alinganishwe na nafsi yake. Anaweza kuruhusu swali alilokosa lirudiwe baada ya wiki kwa takwimu tofauti, na alama ya pili ihesabiwe, jambo ambalo lina kazi ya ziada ya kusahihisha lakini ndilo ushahidi wa wazi kuliko yote kwamba alama ya kwanza haikuwa hukumu. Na anaweza kuacha kuwauliza walewale watano wanaonyoosha mikono.

Dalili: mwanafunzi hodari anayekimbia maswali magumu

Huyu hulalamikiwa mara chache kwa sababu alama zake ni nzuri. Huchagua maswali anayoyajua, hukasirika akipata 88, na siku mada ngumu inapoanza husema anaumwa. Wengine huibia, jambo linalowashangaza wazazi: kwa nini mtoto mwenye uwezo aibie?

Chanzo chake mara nyingi ni sifa. Katika majaribio ambayo Claudia Mueller na Carol Dweck waliyachapisha mwaka 1998, watoto wa takriban miaka kumi walifanya maswali ya wastani, kisha baadhi wakasifiwa kwa akili zao na wengine kwa bidii waliyoitia. Wote walipewa baadaye maswali magumu wakashindwa. Waliosifiwa kwa akili walipoteza hamu haraka zaidi, wakafanya vibaya zaidi katika maswali yaliyofuata, yenye ugumu kama wa yale ya kwanza, na karibu wanne katika kila kumi walipotakiwa kuwaandikia watoto wengine alama zao waliandika uongo, wakati miongoni mwa waliosifiwa kwa bidii waliofanya hivyo walikuwa wachache zaidi. Aliyeambiwa ana akili kwa sababu amepata, atajumlisha mwenyewe maana ya kukosa.

Marekebisho ni kusifu kitendo kinachoonekana: "Umejaribu njia mbili kabla ya kupata hii", "Umekagua jibu lako kwa kulirudisha kwenye swali". Sifa iwe ya kweli, tena iwe fupi. Pia mwanafunzi wa namna hii apewe kila wiki swali moja ambalo hakika hatalimaliza, asipewe alama, na aulizwe tu amefika wapi. Mwanzoni atachukia. Wazazi nao waelezwe, maana huko nyumbani sifa ya "huyu ni kichwa" hutolewa mbele ya wageni.

Dalili: anasoma sana, anakesha, na alama hazipandi

Hapa ndipo mafundisho ya mtazamo wa ukuaji hugeuka kuwa ukatili bila mtu kukusudia. Mwanafunzi tayari anajitahidi, na ripoti yake ya muhula, kwenye nafasi ya maoni ya mwalimu, imeandikwa "Ongeza bidii". Muhula ujao imeandikwa hivyohivyo. Asipofanikiwa kwa mara ya tatu, hesabu anayoipiga ni kwamba bidii ameitoa yote, hivyo kilichopungua lazima kiwe akili. Dweck mwenyewe alilazimika kuandika mwaka 2015 akionya kwamba nadharia yake haikuwa kusifu juhudi zisizozaa kitu.

Namna ya kukipata chanzo ni kumwambia mwanafunzi aoneshe anavyosoma. Wengi watafungua daftari, watasoma kwa midomo, watapigia mstari, watasoma tena. Sasa afunge daftari na aandike kwenye karatasi tupu yote anayoyakumbuka kuhusu mada aliyoisoma jana. Karatasi ikibaki karibu tupu, tatizo limepatikana: anachokijua ni sura ya ukurasa wake, wala si yaliyomo. Kuyatambua maandishi ukiyaona na kuyatoa kichwani bila kuyaona ni kazi mbili tofauti, na mtihani hupima ya pili.

Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilionyesha jambo hili mwaka 2006 kwa namna inayofaa kuandikwa ubaoni. Wanafunzi wa chuo walisoma kifungu cha habari. Kundi moja likakisoma tena, jingine likafunga karatasi na kuandika liliyoyakumbuka. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliosoma tena walikumbuka asilimia 81 na waliojipima asilimia 75. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliosoma tena walibakiwa na asilimia 42, waliojipima asilimia 56. Tarakimu za dakika tano ndizo zinazoeleza kwa nini kukesha kunawadanganya wengi, kwa sababu usiku uleule kusoma tena kunaonekana kushinda kweli. Tangu mwaka 1885, Hermann Ebbinghaus alipojipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, inajulikana kwamba kusahau huenda kwa kasi zaidi mwanzoni, na kwamba saa zilezile za kujisomea zikigawanywa katika siku kadhaa hudumu kuliko zikilundikwa usiku mmoja. Usingizi nao ni sehemu ya kujifunza, kwani ubongo huendelea kuyaimarisha ya mchana mtu akiwa amelala. Bweni linaloamshwa saa kumi alfajiri kila siku linakata kipande cha kazi hiyo.

Katika darasa la wanafunzi 90 hili linawezekana bila karatasi hata moja ya ziada. Kila kipindi kianze kwa maswali matatu ubaoni, moja la jana, moja la wiki iliyopita na moja la mwezi uliopita, yajibiwe madaftari yakiwa yamefungwa, kisha majibu yaandikwe ubaoni na kila mmoja ajisahihishe. Yasihesabiwe alama. Dakika nane zinatosha. Kwa wiki mbili za kwanza watalalamika kwamba hawakujiandaa, na jibu ni kwamba ndiyo maana maswali yapo. Mwalimu wa hisabati aongeze jambo moja zaidi: mazoezi yenye maswali ishirini ya aina moja yapunguzwe na yachanganywe na ya mada zilizopita, kwa kuwa mwanafunzi anayefanya maswali yaliyo chini ya kichwa kinachosema "Nguvu za Kumi" hahitaji kuamua atumie njia gani, ilhali mtihani wa taifa haumwandikii kichwa hicho.

Kuna chanzo kingine kinachofanana na hiki kwa nje. Sehemu ya akili inayoshikilia mambo kwa muda mfupi mtu anapofikiri ni finyu. Makadirio yanayokubalika zaidi leo ni mambo manne hivi kwa wakati mmoja. Mwanafunzi wa kidato cha pili ambaye lazima ahesabu kwa vidole ili kupata 7 mara 8 huwa amejaza nafasi hiyo kabla hajafika kwenye mlinganyo wenyewe. Huyu haelewi aljebra kwa sababu jedwali la kuzidisha halijakaa. Kukariri kumesemwa vibaya sana katika miaka ya karibuni, na mara nyingi kwa haki, lakini kukariri jedwali la kuzidisha si dhambi. Kunampa mtoto nafasi ya kufikiri.

Na maoni ya ripoti yaandikwe upya. "Anajumlisha sehemu zenye asili tofauti bila kutafuta kigawe kidogo cha shirika, afanye maswali matano kila jioni kwa wiki mbili" ni sentensi ndefu kwa nafasi ndogo ile, lakini mzazi na mtoto watajua pa kuanzia.

Dalili: aliyeongoza darasa la saba amenyamaza kidato cha kwanza

Kabla ya jambo jingine lolote, aulizwe swali lilelile kwa Kiswahili, kwa mdomo, pembeni. Katika shule za msingi za serikali alifundishwa kwa Kiswahili, na kidato cha kwanza masomo karibu yote yamegeuka kuwa ya Kiingereza. Mtoto aliyeweza kueleza usanisinuru tangu jua hadi wanga anakutana na jambo hilohilo katika maneno asiyoyajua, anakosa, na ndani ya miezi mitatu yeye na walimu wake wanakubaliana kwamba darasa la saba alibahatisha.

Akijibu vizuri kwa Kiswahili, asipewe somo la mtazamo, apewe msamiati. Maneno manane au kumi ya mada yatangulie mada yenyewe, yatamkwe na kuandikwa, kila moja na maana yake ya Kiswahili. Wanafunzi wajadiliane kwa Kiswahili na waandike kwa Kiingereza. Mwalimu anayewatoza faini au kuwavisha kibao kwa kusema Kiswahili anazijaza zile nafasi nne chache za kufikiria kwa hofu na tafsiri, halafu anashangaa kwamba fizikia haikuingia. Waelezwe pia waziwazi kwamba kukwama kwao ni kwa lugha, kwamba lugha hujengeka kwa muda, na kwamba akili waliyokuja nayo bado wanayo. Maelezo hayo ya dakika tano yana uzito kuliko mabango kumi ukutani.

Dalili: madaftari masafi kupita kiasi

Hakuna kilichofutwa, hakuna kilichokatwa, na kurasa za katikati zimechanwa. Au asubuhi, kabla ya kengele, daftari la mmoja linazunguka na kunakiliwa na kumi. Chanzo ni kwamba kosa lina bei, na mtoto amejifunza kulificha. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Tanzania kanuni bado zinaviruhusu kwa masharti, na masharti hayo hayazingatiwi kila mahali. Chochote mwalimu anachoamini kuhusu nidhamu, kumchapa mtoto kwa jibu lisilo sahihi kuna athari moja ambayo haikwepeki: mawazo yake yote yanahamia kwenye fimbo, na makosa ambayo mwalimu alihitaji kuyaona ili afundishe yanatoweka machoni pake. Kejeli mbele ya wenzake hufanya kazi hiyohiyo bila kuacha alama mwilini.

Masahihisho, kama yanavyofanywa kwa kawaida, hayasaidii, kwa sababu mwanafunzi hunakili jibu sahihi kutoka ubaoni na kupigiwa alama ya vema. Yabadilishwe kidogo: jibu la zamani lisifutwe, chini yake iandikwe sentensi moja inayosema kosa lilitokea wapi, kisha swali lifanywe upya. Wanafunzi wakubwa wanaweza pia kuandika kando ya kila jibu kama wana uhakika nalo au la. Janet Metcalfe na Brady Butterfield walionyesha mwaka 2001 kwamba kosa ambalo mtu alikuwa na uhakika nalo, likisahihishwa mara moja, hurekebishika kwa urahisi zaidi kuliko la kubahatisha, pengine kwa sababu mshangao huamsha umakini. Mwalimu naye akikosea ubaoni aseme "nimekosea hapa" badala ya kusingizia kwamba alikuwa anawapima.

Dalili: mzazi anasema ukoo wao hauna hesabu

Husemwa kwa upendo, tena mara nyingi mbele ya mtoto: amemfuata mama yake, hesabu hapana. Usibishane naye kuhusu urithi, maana watu kweli hutofautiana, na mtazamo wa ukuaji hausemi kwamba wote watafika mahali pamoja. Mwoneshe madaftari mawili ya mtoto huyohuyo, la Januari na la Juni.

Dalili: yote yamefanyika na bado hakuna dalili ya badiliko

Hapa huenda mwalimu anatazama mahali pasipofaa. Alama za mtihani wa muhula huchelewa kusogea, na katika darasa kubwa wastani huweza kuficha mengi. Achague wanafunzi watano, wawili kati yao wakiwa wa chini kabisa, na mwanzoni mwa muhula awape maswali kumi ya mada tatu zilizopita, kisha aziweke karatasi hizo. Baada ya wiki kumi awape maswali ya aina ileile, na kabla ya kuhesabu vema na makosa, ahesabu kwanza nafasi zilizoachwa tupu. Mwanafunzi aliyeacha nafasi sita Januari na moja Machi, hata kama majibu manne kati ya aliyoongeza si sahihi, ameanza kujaribu, na sasa makosa yake yanasomeka: hapa amechanganya eneo na mzingo, pale amesahau alama ya kutoa. Hayo ndiyo ya kufundisha wiki ijayo. Ikiwa nafasi tupu hazikupungua hata kwa mmoja kati ya watano, mwalimu arudi juu kwenye dalili ya pili, na safari hii amwombe mwenzake akae nyuma ya darasa kwa vipindi viwili na kuandika tu ni nani walioulizwa maswali, na kila mmoja alijibiwa nini alipokosea.